Chomoza, tokeza, jitokeza au benuka? Kuchagua neno la kitu kilichotoka nje

Mvua zilipoanza, mama mmoja wa mtaa wa Ngamiani alikuja dukani tunapochapa barua na kutoa fotokopi, karatasi mkononi imekunjwa mara nne. Alitaka kumwandikia jirani yake. "Mwanangu," akasema, "andika kwa adabu, lakini aelewe. Bati lake limejitokeza kwangu."

Nikaandika "limejitokeza", nikafuta. Nikaandika "limechomoza", nikafuta tena. "Limetokeza" likakaa kidogo, nalo likanikera. Mama akauliza kama kompyuta imekwama. Kompyuta ilikuwa nzima. Aliyekwama ni mimi.

Tangu siku ile natega sikio mjini Tanga, kwa mafundi, kwa wauza matunda, kwa walimu, nisikie watu wanasemaje pale kitu kinapopita mpaka wa kitu kingine. Maneno ni mengi na kamusi huyatafsiri moja kwa jingine: chomoza ni tokeza, tokeza ni jitokeza, basi unazunguka mbuyu. Kwa mwenye kuandika barua, tangazo au habari na amesimama njia panda kama mimi siku ile, huu hapa ulinganisho.

Nimepima kwa nini

Maswali manne. La kwanza ni shina: kitu bado kimeshikwa pale kilipoanzia, na je, pale panaonekana? La pili ni umbo: kina ncha, au ni uso mzima uliofura? La tatu ni mwendo: kuna kilichosogea hivi karibuni, au kimekaa hivyo miaka yote? La nne ni msikilizaji: neno linatuaje kwa fundi, gazetini, na hasa mbele ya mtu ambaye mwili wake ndio unaosemwa?

Swali la shina ndilo zito kuliko yote. Tukiona kitu kimetoka nje, macho hukimbilia nchani. Neno la kutumia aghalabu limejificha upande wa pili, pale kitu kilipoanzia.

Chomoza

Shina la kinachochomoza limefichika. Kitu kilikuwa ndani au chini, kikatoboa, sasa sehemu yake inaonekana. Neno lenyewe ni la ukoo wa choma, ile choma ya kudunga na si ya nyama, pamoja na chomeka, chomoa na chomoka. Ndiyo maana linafuatana vizuri na vitu vyenye ncha au vyenye kutanguliza kitu chembamba: mche wa mahindi, jino la mtoto, msumari uliopenya ubao kutoka upande wa pili.

Jua nalo, ingawa halina ncha. Nenda Raskazone alfajiri, ukae kimya uelekee bahari kuu, utaelewa kwa nini hakuna anayesema jua "linatokeza" wakati ule. Kwanza ukingo tu, kama ukucha, halafu lote. Shina halionekani kwa sababu liko chini ya upeo. Lakini jua hilohilo likiwa limefichwa na wingu saa sita mchana kisha likaachiwa, "limetokeza" linakubalika kabisa, maana hapo hakuna lilichotoboa.

Mkoa huu una mfano wake mwenyewe. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche ikitoka Florida, na iliyofika hai inasemwa ni 62 tu. Kutoka hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyoijaza Tanga. Sasa utazame mmea wenyewe. Mwiba ulio kwenye ncha ya jani haukuchomoza: jani limezaliwa nao, uko pale pale. Ila mmea ukikaribia kumaliza umri wake, katikati ya majani huchomoza mti mrefu wa maua, ukapanda mita kadhaa juu ya vichwa vya watu. Leo hakuna, baada ya siku chache upo. Hiyo ndiyo chomoza kamili: shina halionekani, umbo ni jembamba, mwendo upo.

Kwa upande wa mwendo, chomoza hupenda habari mpya. "Limechomoza" maana yake jana halikuwepo. Ukuta uliojengwa enzi za babu hauwezi kuchomoza leo, labda uwe umefukiwa na mchanga.

Kwa msikilizaji, ni neno zuri, lina ushairi ndani yake, na waandishi wa michezo hulipenda kwa vijana wanaoanza kung'ara. Kwenye mwili, uangalifu. Jino la mtoto likichomoza nyumba nzima hufurahi, ingawa mama zetu wengi watasema tu "ameota jino". Mfupa ukichomoza, ni habari ya hospitali: msikilizaji anaona ngozi imepasuka. Usilitumie kwa bega la mtu mwembamba, utaleta kilio bure.

Linawafaa wakulima, wazazi, waandishi wa habari, na fundi anayemwonya mwenzake juu ya msumari.

Tokeza

Hili ndilo la kazi za kila siku, na ndilo ningempa mgeni wa lugha kama anataka moja tu mfukoni. Shina linaonekana na limeshika. Kitu ni sehemu halali ya kingine, ila kimepita mstari wa wenzake. Hakuna kilichotoboa, hakuna kilichoachia.

Pita mitaa ya zamani ya mji uone. Roshani imetokeza juu ya njia. Baraza la kukalia limetokeza mbele ya ukuta, watu wamekaa na kahawa. Vichwa vya boriti, pale ambapo fundi hakuvikata sawasawa na ukuta, vimetokeza. Kinyume cha yote hayo ni kidaka, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea taa: kidaka kimeingia, baraza limetokeza. Halafu zipo zile nondo juu ya nyumba za siku hizi, zimesimama zikisubiri ghorofa ambayo pesa yake haijapatikana. Mara nyingi nasikia watu wakisema "nondo zimechomoza". Siwasahihishi barabarani, lakini fundi aliziacha kwa makusudi na shina lake liko ndani ya nguzo, kila mtu anajua. Kwangu zimetokeza. Zile zilizotoboa zege baada ya miaka kumi ya kutu, zege likimenyeka, hizo ndizo zimechomoza, na usikae chini yake.

Jozi nzuri kuliko zote iko mdomoni. "Jino limechomoza" ni jino jipya linalopasua ufizi. "Meno yametokeza" ni ya mtu mzima, yameota zamani, ila ya mbele yamepita mdomo. Ukibadilisha, unamfanya mzee wa watu mtoto wa miezi saba.

Sifa nyingine ambayo wenzake hawana: tokeza hukubali kubeba kitu. Kobe hutokeza kichwa. Mtoto ametokeza mkono dirishani mwa daladala, ingawa kondakta atapiga kelele kwa lugha fupi zaidi: "Usitoe mkono nje!" Huo mkia wa -eza ndio wa kufanyiza, na neno linakwenda njia zote mbili, kitu kinatokeza na mtu anakitokeza.

Umbo halilisumbui. Ncha sawa, bapa sawa, duara sawa. Kwa msikilizaji ni neno baridi, nalo hilo ni zuri na baya. Zuri, kwa sababu unaweza kusema "meno yake yametokeza kidogo" bila kumdhalilisha mtu. Baya, kwa sababu halisemi lini, halisemi kosa la nani. Barua ya malalamiko iliyojaa "imetokeza" inasomeka kama maelezo ya mchora ramani.

Linafaa mafundi, wachora ramani, waelezaji wa majengo na maumbile ya nchi, na yeyote anayeeleza sura ya mtu kwa heshima.

Mwamba: chomoza au tokeza?

Hapa nasimama kidogo, maana maneno hayo mawili hugombana zaidi pwani kuliko pengine popote. Maji ya bamvua yakipwa, miamba inaonekana mbali huko. Imechomoza au imetokeza?

Uliza nani amesogea. Mwamba uko palepale tangu dunia. Kilichoshuka ni maji. Kwa hiyo ukisimulia kwa jicho la mwamba, umetokeza. Ukisimulia kwa jicho la mtu aliyekaa ufukweni anatazama uso wa maji, kitu kimepasua ule uso, kimechomoza. Zote mbili ni Kiswahili safi. Mvuvi mwenye haraka atakwambia tu "miamba iko nje", na amemaliza.

Wareno walijifunza tofauti hiyo kwa njia ngumu. Aprili 1498, msafara wa Vasco da Gama ukipanda kuelekea kaskazini, meli ya São Rafael ilikwama kwenye mwamba nje ya pwani hii yetu ya Mtangata, kabla hakujapambazuka. Maji yalipokupwa ikabaki nchi kavu, yalipojaa ikaelea tena. Walipopita hapa wakirudi mwanzoni mwa 1499, mabaharia walikuwa wamepungua sana kwa maradhi, haikuwezekana kuendesha meli zote, wakaichoma moto São Rafael palepale. Mwamba ule wa usiku haukuwa umechomoza wala kutokeza. Ungekuwa umefanya lolote kati ya hayo mawili, wangeuona.

Jitokeza

Ongeza ji- na kitu kinapata nia. Anayejitokeza ameamua. Shahidi anajitokeza polisi, mchumba anajitokeza kwa wazazi, wananchi wanaombwa wajitokeze kwa wingi kwenye chanjo. Shina hapa si la mbao wala zege. Ni kundi alilokuwemo mtu kabla hajapiga hatua mbele.

Kwa vitu visivyo na roho, matumizi yamekwishaenea na sitajifanya askari. Gazeti lolote la leo lina "changamoto zilizojitokeza", na mimi hucheka peke yangu nikiziona hizo changamoto zimepanga foleni zikijiandikisha. Lakini zimezoeleka, zinaeleweka, na kwenye ripoti ya ofisi "tatizo lililojitokeza" lina faida yake: halimtaji aliyelileta. Watu wa ofisi wanalijua hilo vizuri.

Kwenye umbo la vitu halisi ndipo linapolegea. "Ukuta umejitokeza" unasikika kama ukuta umechoka kukaa kwenye mstari. Tena kama unamwandikia jirani, neno hili linamnasua: bati limejitokeza lenyewe, yeye hakuhusika. Ndilo lililonifanya nilifute siku ile.

Linafaa habari za watu, mikutano, uchaguzi, kujitolea, na ripoti ambazo hazitaki ugomvi.

Benuka

Hapa hakuna ncha kabisa, na karibu hakuna shina. Uso wenyewe ndio umefura kuelekea nje. Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa ulionyonya maji miaka mingi hubenuka tumboni kabla haujaanguka. Mwenye nyumba akiona hivyo ahame chumba kile kwanza, sarufi baadaye. Gunia lililojazwa kupita kiasi limebenuka. Kijana anayepita mbele ya wasichana hubenua kifua. Mtoto aliyenyimwa hela ya maandazi hubenua mdomo. Kinyume chake ni kubonyea.

Watu wengi huchanganya benuka na binuka, na mpaka wenyewe umelegea. Kubinua ni kuinua upande mmoja, kupindua: mkokoteni umebinuka, machungwa ya Muheza yote chini. Lakini hata lugha ya sayansi ya shule ya msingi huita lenzi iliyotuna katikati "lenzi mbinuko", ikipingana na "mbonyeo". Basi usimpige mtu faini kwa e na i.

Kwa msikilizaji, benuka linachekesha. Linabeba picha ya kifua, mdomo, makalio. Ukilitumia kwa mwili wa mtu mzima hujamweleza, umemtania. Kwa tumbo la mwanamke mjamzito usilisogeze karibu. Sema "tumbo limeanza kuonekana", yaishe.

Ndugu zake ni vimba na tuna. Vimba lina maumivu au hasira ndani yake, mguu uliovimba umeumia. Kwa tuna, fikiria shavu la mtu mwenye tonge mdomoni.

Wanaosimama pembeni

Chomoka ni pale shina limeachia. Shati la mwanafunzi limechomoka kwenye suruali, mwalimu anamwambia achomekee. Mpini umechomoka kwenye jembe. Tofauti ya "msumari umechomoza" na "msumari umechomoka" inaweza kuwa ya mguu wako: wa kwanza bado umo ubaoni unakungoja, wa pili umekwisha toka, utafute sakafuni.

Ning'inia ni ya kinachotoka juu kushuka. Ndani ya mapango ya Amboni, kaskazini kidogo mwa mji, chokaa iliyotiririka na maji imeganda kwa sura mbili: nyingine inaning'inia kutoka darini, nyingine imeinuka kutoka chini. Ya chini unaweza kusema imechomoza sakafuni. Ya juu ukisema hivyo, mgeni atatazama miguuni pake ajigonge kichwa. Na nguzo za makaburi ya kale kule Tongoni, kama kilomita 20 kusini, hazihitaji lolote kati ya haya. Zimesimama, basi, zile ambazo bado hazijaanguka.

Chungulia ni la mzaha na la huruma pamoja. Kidole kinachungulia kwenye kiatu. Shumizi inachungulia chini ya gauni, na shoga yako anakunong'oneza ukiwa bado hujaingia arusini.

La mwisho ni neno ambalo halimo kwenye orodha yoyote ya maneno ya kutoka nje, kwa sababu linasema kinyume: ingia. Msikilize mtu wa pwani akieleza rasi. Hasemi sana kwamba nchi imetokeza. Anasema nchi imeingia baharini. Raskazone imeingia baharini. Kibanda kimeingia kwenye hifadhi ya barabara, na ukuta wake unapigwa X nyekundu. Kitu ni kilekile, kimepita mpaka uleule, ila jicho limehama: husimami tena kwa mwenye kitu, umesimama kwa aliyeingiliwa.

Ukiwa na jambo lako mkononi

Kama unaandika juu ya kitu kilichoonekana sasa hivi baada ya kujificha, mche, jino, jua la asubuhi, chukua chomoza. Ukiwa na shaka, jiulize kama jana kilikuwepo machoni.

Kama unaeleza jengo, ramani au sura ya mtu, na kitu hakina habari yoyote mpya ila kimepita wenzake, tokeza. Fundi anayemweleza mwenye nyumba wapi ukumbi upite nje ya ukuta atumie hili tu, lina vipimo ndani yake: "utokeze futi tatu".

Kwa tangazo la hatari, usitafute uzuri. Lori lililobeba nondo zilizopita bodi hufungiwa kitambaa chekundu nyuma, na kitambaa kinasema zaidi ya vitenzi vyote vinne. Baiskeli zetu zinazobeba mbao hazifungiwi chochote, hayo ni mambo mengine. Ukilazimika kuandika ubao, "Nondo ziko nje, tahadhari" inasomwa na mtu anayekimbia.

Kwa mwito wa watu, jitokeza halina mpinzani. Kwa ripoti, litumie ukijua kwamba linaficha mhusika. Kama bosi wako ndiye anataka mhusika afichwe, umepata chombo.

Kwa ukuta unaofura, benuka, na haraka. Kwa mwili wa mtu, ukiwa hujui mtachekaje pamoja, rudi kwenye tokeza au nyamaza.

Na kama una mgogoro wa mpaka na jirani, usihangaike na ncha ya bati wala shina lake. Simama uani kwako uangalie kutoka hapo. Barua ya yule mama hatimaye iliandikwa hivi: "Shikamoo mzee. Bati la upenu wako limeingia kwangu kiasi cha shubiri mbili, na mvua ikinyesha maji yote yanaangukia jikoni."

Akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kisha akanirudishia.

"Mbili na nusu," akasema. "Nimepima mwenyewe."

Nikarekebisha.